Kiungulia na Saa za Nyumba Zetu



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Mwezi wa Shaabani umeingia, na majikoni mwetu matayarisho yameanza: nazi zinaagizwa, unga wa ngano unajazwa makoponi, tende zinauliziwa bei. Ni katika majuma haya ambapo swali moja huzidi kutufikia kutoka kwa akina mama wausomao ukurasa huu. Huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: moto huu unaonipanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni, nitafunga nao vipi? Wapo walioacha pilipili, wakaacha ndimu, wakaacha achari, na moto ungali pale pale. Wapo wanaomeza vidonge kila siku wasione nafuu. Na wapo wanaochelea kuwa Ramadhani hii itawapita.

Tumekusudia wiki hii kulijibu swali hilo kwa kadiri nafasi yetu inavyoturuhusu. Tunalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: kiungulia hutulizwa na saa kuliko kinavyotulizwa na marufuku. Ziko saa tatu za kuangaliwa: saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kumeza dawa. Nyumba ikizipanga hizo, wengi hupata raha bila ya kuinyima meza ladha yake yote. Na zikipangwa nafuu isije, hiyo yenyewe ni ishara kwamba pana jambo la kumpelekea tabibu.

Moto hutoka wapi

Chakula tukimezacho hupita ndani ya umio, yaani mrija unaotoka kooni hadi tumboni. Mwisho wa mrija huo pana msuli wa mviringo ambao hufunguka kupitisha tonge, kisha hujifunga. Tumboni mna asidi kali ya kusaga chakula. Utando wa tumbo umeumbwa uistahimili asidi hiyo. Umio haukuumbwa hivyo. Basi msuli ule ukilegea, au tumbo likisukumwa kutoka chini, asidi hupanda na kuunguza. Wazee wetu hawakukosea walipoyaita maradhi haya kiungulia.

Dalili zake si moto wa kifuani tu. Wengine hupandwa na maji machungu au makali hadi mdomoni. Wengine hupiga mbweu mfululizo, au hupata kikohozi kikavu cha usiku, au huamka sauti ikiwa imekwaruza, au huhisi kama kwamba donge limewakwama kooni.

Anayetaka kuyaelewa haya na autazame mtungi wa maji. Ukiwa nusu na umesimama, haumwagi kitu. Ukijazwa hadi shingoni, mtikisiko mdogo tu huumwaga. Na ukijazwa kisha ukalazwa ubavu, hata uwe na kifuniko, maji yatapata njia. Tumbo nalo huumwa kwa kujazwa, kwa kulazwa na kwa kubanwa.

Si kila moto ni alsa

Huku kwetu neno alsa limekuwa kapu la kutilia kila maumivu ya tumbo, na jambo hili lina madhara, kwani matibabu hutofautiana. Vidonda vya tumbo ni majeraha yaliyochimbika katika utando wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo mdogo. Sababu zake kubwa ni mbili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini.

Zamani ilidhaniwa kwamba vidonda hivyo huletwa na wasiwasi na pilipili. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa maji yenye bakteria huyo ili aonyeshe kwa mwili wake mwenyewe kwamba huligonjesha tumbo, naye akaugua kweli. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Leo vidonda vinavyotokana na bakteria hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, aghalabu kwa siku 14, na vikapona.

Kiungulia hakitibiwi kwa antibayotiki, kwa kuwa tatizo lake ni mlango usiofunga vyema. Kwa hiyo mama aliyeambiwa na jirani kuwa ana alsa, akanunua vidonge vya antibayotiki dukani, huenda amepoteza pesa na asitibu kitu. Anayetaka kujua na apimwe. Kipimo cha bakteria hufanywa kwa choo au kwa pumzi, na ni muhimu kumweleza mpimaji kama unatumia dawa kama omeprazoli, maana hupasa kuachwa wiki 2 kabla ya kipimo ili jibu lisidanganye.

Na hapa tuwaase dada zetu juu ya vidonge vya maumivu. Mgongo ukiuma ni diklofenaki. Hedhi ikiuma ni ibuprofeni. Kichwa kikiuma ni aspirini. Vidonge hivyo hulichubua tumbo na humzidishia mwenye kiungulia. Parasetamoli, kwa kipimo chake, huwa salama zaidi kwa tumbo. Mwenye dawa za shinikizo la damu naye ajue kuwa baadhi yake huulegeza ule msuli wa umio. Asiziache kwa hiari yake hata kidogo. Amweleze daktari, naye ndiye ataamua kama ipo nyingine ya kubadilishiwa.

Saa ya kula

Tuseme kweli kuhusu nyumba zetu. Mama ndiye aliyesimama jikoni tangu alasiri, ndiye aliyeonja mchuzi, ndiye aliyepakua sinia, na ndiye alaye mwisho. Mume akirudi kazini au barazani saa nne usiku, mke humngojea ili wale pamoja. Wakala wakashiba, vyombo vikaoshwa upesi, taa zikazimwa. Saa nane za usiku mama yuko kitako kitandani, mkono kifuani, akitafuta maji. Kesho yake analaumu achari, na kumbe achari haikuwa na kosa kubwa kama saa yenyewe.

Tendo la kumngoja mume ni la mapenzi na adabu, wala hatuliondoi. Tunalosema ni kwamba mwenye kiungulia ale chakula chake baada ya magharibi, na mume afikapo akae naye kwenye meza, akiwa na maji au kipande cha papai, mazungumzo yakaendelea. Nanyi waume zetu, mpeni ruhusa hiyo kwa ulimi wenu, maana wake wengi hawataiomba. Kumwambia mkeo ale mapema kwa ajili ya siha yake ni katika kuishi nao kwa wema.

Kuhusu kiasi, Waislamu hatuna haja ya kufundishwa na wageni. Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba mtu asipotosheka na matonge machache, basi agawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Madaktari wa leo wanamwambia mwenye kiungulia ale kidogo kidogo, mara nyingi zaidi, na ainuke kabla hajavimbiwa. Ni maneno ya njia moja. Mwenye nyumba naye asimlazimishe mgeni kwa viapo aongeze sahani ya tatu. Ukarimu una namna nyingine.

Kilichomo sahanini

Katika vyakula, wa kwanza kuangaliwa ni mafuta, si pilipili. Chakula cha mafuta mengi hukaa sana tumboni na huulegeza msuli wa umio. Bhajia, viazi karai, sambusa, katlesi, mahamri, kaimati na biriani iliyoelea samli vyote vimo katika hesabu hii. Wali wa nazi nao hutegemea mkono wa mpishi: uliopikwa kwa tui jepesi si sawa na uliopikwa kwa tui la kasimile peke yake. Hatusemi vikatwe. Tunasema visikutanike vyote katika sinia moja, tena usiku.

Vitu vingine humdhuru huyu na visimdhuru yule: pilipili, ndimu, ukwaju, nyanya, vitunguu vibichi, kahawa tungu, soda, chokoleti. Nanaa, ambayo wengi huitia katika chai wakidhani inatuliza, kwa baadhi ya watu huulegeza mlango wa tumbo na kuzidisha moto. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa asidi zaidi ili kuyasaga. Ndiyo maana anayekunywa bilauri ya maziwa kabla ya kulala huamka tena saa chache baadaye.

Njia ya haki ni kumpima kila mshukiwa kabla ya kumfunga. Chukua daftari, na kwa wiki 2 andika ulichokula, saa uliyokula, saa uliyolala na saa moto ulipokuja. Kinachorudi mara tatu au nne ndicho chako. Usichokiona humo, kile kwa raha zako. Ukianza leo, daftari lako litakuwa limesema mengi kabla ya mwezi kuandama.

Vipo vyakula ambavyo wengi huvistahimili bila shida: uji, wali mweupe, samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, mboga za majani zisizoelea mafuta, viazi vitamu, ndizi mbivu, papai na tikiti. Na kwa mwenye uzito uliozidi, kuupunguza hata kidogo ni miongoni mwa tiba zenye athari kubwa kwa kiungulia, maana mafuta ya kiunoni hulisukuma tumbo kutoka chini mchana na usiku. Tumbaku nayo, iwe ya kuvuta au ya kutiwa katika tambuu, humdhuru mwenye maradhi haya, mbali na madhara yake mengine tunayoyajua.

Saa ya kulala

Baina ya tonge la mwisho na mto ziwe saa 2 hadi 3. Hili peke yake limewapumzisha wengi. Ukimaliza kula, keti wima, au tembea polepole uani. Usiiname kufua wala kupiga deki.

Anayesumbuliwa usiku na akiinue kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwa kuweka vipande vya mbao imara au matofali chini ya matendegu mawili ya upande wa kichwani. Kurundika mito hakutoshi, kwani mito hukikunja kiuno na kulibana tumbo. Kulala kwa ubavu wa kushoto pia husaidia, kwa sababu ya namna tumbo lilivyokaa. Twajua kwamba sunna ni kuanza kulala kwa ubavu wa kulia. Basi lala ulivyofunzwa, soma dua zako, kisha ugeuke kwa ajili ya maradhi. Hapana dhambi kwa mgonjwa kugeuka.

Tusisahau nguo. Leso iliyofungwa kwa kukazwa juu ya tumbo lililoshiba, au sketi yenye mpira mgumu, hulikamua tumbo kama ndimu. Mzazi aliyefungwa mkaja aulegeze kidogo wakati wa kula na saa mbili za baada yake, na anayemfunga asiudhike akiombwa hivyo.

Saa ya dawa

Dawa za kiungulia ni za namna kadhaa, na wengi hawapati nafuu kwa kuwa hutumia ya namna moja kwa saa ya nyingine.

Za kwanza ni zile zinazozima asidi iliyokwisha kutoka: vidonge vya kutafuna na dawa nyeupe za maji zenye magineziamu na aluminiamu. Hufanya kazi kwa dakika chache, lakini hazidumu. Zifaa kwa moto wa mara moja moja. Zenye magineziamu huweza kuleta kuhara, zenye aluminiamu huweza kufunga choo. Katika jamii hii umo pia ule unga unaotoa povu ndani ya maji, unaouzwa kwa pakiti hata katika maduka ya mtaani. Una sodiamu nyingi, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, mwenye maradhi ya moyo au figo, na mja mzito wasiufanye mazoea.

Za pili hupunguza utoaji wa asidi kwa saa kadhaa, kama famotidini. Katika kundi hili ilikuwamo ranitidini, ambayo mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliomba iondolewe sokoni kwa sababu ya uchafu unaoshukiwa kuleta saratani. Mwenye pakiti kuukuu kabatini asiitumie, amwulize mfamasia.

Za tatu ndizo zenye nguvu zaidi: omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli na nduguze. Hizi huzifunga pampu zenyewe zinazotengeneza asidi, na pampu hizo huamshwa na chakula. Ndiyo maana dawa hii humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, ili chakula kifikapo dawa iwe imekwisha kuingia damuni. Anayeimeza baada ya kushiba, au anayeimeza moto umeshawaka, ameitupa sehemu kubwa ya faida yake. Tena haifikii nguvu zake kamili kwa siku ya kwanza. Huchukua siku kadhaa. Aghalabu daktari huiandika mara moja kwa siku, kwa wiki 4 hadi 8, kisha humwangalia mgonjwa upya.

Yako mambo manne ya kuzingatia hapa. Mosi, usiivunje, usiisage wala usiitafune, kwa kuwa ina gamba linaloikinga na asidi ya tumbo. Pili, aliyeitumia kwa miezi mingi asiikate ghafla, kwani asidi hurudi kwa kishindo. Ipunguzwe kwa maelekezo ya daktari. Tatu, kuitumia kwa muda mrefu bila ya kuangaliwa kwaweza kupunguza vitamini B12 na magineziamu mwilini na kudhoofisha mifupa, nayo hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Kwa hiyo mwenye upungufu wa damu amjulishe tabibu wake, na vilevile anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nne, wengi wetu huuliza juu ya kepsuli, kwamba jelatini yake huenda imetokana na nguruwe. Swali hilo ni la haki, wala usione haya kumwuliza mfamasia. Pantoprazoli na baadhi ya esomeprazoli hupatikana kwa vidonge visivyo vya kepsuli, na mara nyingi daktari anaweza kukubadilishia bila ya matatizo.

Mpango wa Ramadhani

Sasa turudi kwenye swali lililotuleta. Mwenye kiungulia cha kawaida aghalabu anaweza kufunga, na wapo ambao hali yao huwa nzuri zaidi katika Ramadhani kwa sababu wameacha kula ovyo mchana. Kinachomharibia mwenye saumu ni mambo mawili: mlima wa vikaango baina ya adhana na isha, na daku zito linalofuatwa na usingizi.

Swala yenyewe imetupa mpango. Muadhini akiadhini, fungua kwa tende na maji, na kwa maji hayo meza dawa yako. Swali magharibi kwa utulivu, lete nyiradi zako, msaidie mtoto na kitabu chake. Nusu saa itakuwa imepita, na hapo ndipo ukae kwenye futari. Umepata sunna na umeipa dawa saa yake. Futari yenyewe na iwe uji au supu, muhogo au ndizi, na mchuzi wa samaki; kikaango kimoja kinatosha kuifurahisha roho. Ukila kwa kiasi baada ya magharibi, utasujudu katika tarawehe bila ya maji makali kukupanda, maana kuinama na tumbo lililojaa ni kuupindua mtungi.

Usile mlo mwingine mkubwa saa tano za usiku. Daku lile kwa kulichelewesha, liwe jepesi na lisilo na mafuta, na ukishaswali alfajiri usijilaze chali. Keti usome Qur'ani, na ukishindwa na usingizi, kichwa kiwe kimeinuliwa. Aliyeandikiwa dawa mara mbili kwa siku ameze ya pili anapoamka, dakika 30 kabla ya daku. Yote haya yajaribuni sasa, katika saumu za sunna za Shaabani, ili Ramadhani iwakute mmekwisha kuyazoea.

Huulizwa pia kuhusu kinachopanda kooni mchana wa saumu. Wanazuoni wamefafanua kwamba kinachopanda chenyewe bila ya kukusudia hakivunji saumu. Kikifika kinywani hutemwa, wala hakimezwi kwa makusudi. Kwa ufafanuzi zaidi mwulize sheikh wa msikiti wako. Na yule ambaye daktari mwaminifu amemwambia kwamba kufunga kutamdhuru, mathalani mwenye kidonda kinachovuja damu, ajue kwamba ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185. Kuipokea ruhusa ya Mola wako si upungufu wa imani.

Kwa waja wazito

Kiungulia cha mimba huwapata wengi, kwa kuwa homoni za ujauzito huilegeza misuli, na kizazi kinachokua hulisukuma tumbo juu. Bibi zetu husema ni nywele za mtoto. Kwa walio wengi hutoweka baada ya kujifungua. Mja mzito na aanze kwa milo midogo na kulala akiwa ameinuliwa. Dawa yoyote aiulize kliniki kwanza. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe pamoja na dawa za kuzima asidi. Baina yake zipite saa 2.

Lakini tafadhalini lishikeni hili. Mimba ikishapita miezi mitano, maumivu makali ya chembe cha moyo au ya chini ya mbavu za kulia, hasa yakiandamana na kuumwa kichwa kusikoisha, macho kuona ukungu au vimulimuli, au kuvimba uso na mikono, huenda yasiwe kiungulia hata kidogo. Yaweza kuwa kifafa cha mimba kinakaribia, nacho huua mama na mtoto. Asipewe tangawizi wala asingojee asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile apimwe shinikizo la damu na mkojo.

Maumivu yasiyo ya kuvumiliwa

Wanawake wetu wamelelewa kwa subira, na subira ni pambo la Muislamu. Lakini kuficha maradhi hakumo katika subira. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua.

Mwenye maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba, kukosa pumzi, kichefuchefu au uchovu wa ghafla, akimbizwe hospitali. Maradhi ya moyo kwa wanawake huweza kuja kwa sura ya kiungulia, na bilauri ya maziwa imewahi kumchelewesha zaidi ya mmoja.

Na amwone daktari bila ya kuchelewa kila aonaye chakula kinamkwama akimeza, anayekonda bila ya kukusudia, anayetapika damu au kitu kama ungaunga wa kahawa, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, na aliyevuka miaka 55 kisha kiungulia kikamwanza upya. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua watu wengi zaidi nchini Kenya, na tonge linalokwama ndiyo dalili yake kubwa. Daktari huenda akaomba kukumulika kwa mpira mwembamba wenye kamera. Si operesheni, na mwanamke ana haki ya kuomba awepo mwanamke mwenzake chumbani. Hata asiye na dalili hizi, akishikwa na moto zaidi ya mara 2 kwa wiki, au akitumia dawa za dukani siku 14 asipone, asiendelee kujitibu mwenyewe.

Mwili huu ni amana, na mama mwenye raha usiku ndiye anayeamka na nguvu za ibada na za watoto wake. Basi kabla ya kuandama kwa mwezi, kaeni pamoja mke na mume na mzipange zile saa tatu.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) awaponye wagonjwa wetu, awape wepesi waja wazito wetu, na atufikishe Ramadhani tukiwa na siha na imani. Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumzia shinikizo la damu na chumvi ya vyungu vyetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.